Vipuri visisubiri "Mengineyo"

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme neno kuhusu mkusanyiko wa mwaka wa wenye magari ya zamani hapa Kigoma, na mkutano mkuu unaoandamana nao. Tunawaandikia wenye magari wa Mwanga, Ujiji, Kasulu na Uvinza, pamoja na ndugu zetu wa Tabora na Urambo wanaofunga safari kuja kujumuika.

Ajenda za mikutano ya aina hii zinafanana. Dua, utambulisho, kuthibitisha muhtasari uliopita, hotuba ya mgeni rasmi, fulana za chama, uchaguzi, picha ya pamoja. Vipuri na hali ya magari vinaachwa hadi kwenye "Mengineyo", saa ambayo nusu ya wajumbe wameshasimama na wapishi wamefunua masufuria. Mmoja anasema gari lake limekosa pointi, mwingine anamjibu atampigia simu, mkutano unafungwa. Mwaka unaofuata magari mawili matatu hayaonekani, na hakuna anayeuliza yameishia wapi.

Ombi letu ni moja. Mkutano mkuu uanzie chini ya magari, Jumamosi asubuhi. Kila gari likaguliwe na kuandikiwa karatasi yake, kisha karatasi hizo zikusanywe ziwe ndiyo ajenda ya Jumapili. Zikionyesha kwamba magari tisa kati ya ishirini yana mipira ya breki (sili za ndani) iliyochoka, wajumbe wana jambo la kuamua: nani anunue, pisi ngapi, za ukubwa gani, kwa fedha ipi. Karatasi hizo hizo ndizo ziseme gari gani liingie kwenye msafara wa kwenda Ujiji na gari gani libaki limeegeshwa watu walitazame.

Tuanze na breki, maana mji wetu ni wa miteremko. Anayeshuka kutoka Mwanga kuelekea Stesheni anajua jinsi gari linavyoongeza mwendo lenyewe. Land Rover za Series II na IIA, Morris Minor na wenzao wengi wa umri huo wana njia moja tu ya mafuta ya breki. Magari ya leo yana njia mbili. Ikipasuka moja, nyingine inabaki. Kwenye haya ya zamani mpira mmoja ukiachia kwenye gurudumu moja, pedeli inazama hadi sakafuni na magurudumu yote manne yanakosa breki kwa mpigo. Kwa hiyo ukaguzi wa kukanyaga mara moja na kusema "breki ipo" hautoshi.

Mkaguzi akanyage pedeli kwa nguvu na aishikilie dakika nzima. Ikizama taratibu na nje hakuna hata tone, mpira wa ndani ya master silinda (silinda kuu inayosukumwa na pedeli) umekwisha na mafuta yanapita pembeni yake. Ikiwa inapanda na kuwa ngumu baada ya kupampu mara mbili tatu, ama kuna upepo kwenye mabomba, ama breki shuu ziko mbali na dramu (ngoma inayozunguka na gurudumu). Kisha ainame aangalie upande wa ndani wa kila tairi. Vumbi letu jekundu hukaa hapo kavu kama unga. Palipovuja, vumbi hilo hushikana na kuwa utepe mweusi unaoteremka kutoka ukingo wa dramu hadi ubavuni mwa tairi. Dramu ikishavuliwa, afunue kwa ncha ya bisibisi kile kimpira cha vumbi cha wili silinda (silinda ndogo ya breki kwenye gurudumu). Pakiwa pakavu, mshukuru Mungu. Pakiwa na unyevu unaong'aa, hata kama haujadondoka, mpira huo ni wa kubadilisha siku hiyo hiyo. Asichanganye na oili ya difu (gia za ekseli) inayopita kwenye sili ya habu: hiyo ni nzito na ina harufu ya kiberiti, ila mafuta ya breki ni mepesi na hubabua rangi ya gari.

Mafuta ya breki yenyewe hunyonya maji kutoka hewani, na sisi tuko kando ya ziwa. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango cha kuchemka kinashuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu dramu hupata moto, maji yaliyo ndani hugeuka mvuke, na pedeli inakuwa laini kama imekanyaga sifongo. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Nusu lita inatosha kutoa upepo. Kusukuma nje mafuta yote ya zamani weka lita nzima. Kopo lililofunguliwa likakaa miezi stoo lisitumike.

Kuna wanaojaza oili ya injini pale mafuta ya breki yanapopungua njiani, na wengine maji ya sabuni. Oili huvimbisha mpira. Mpira uliovimba huziba kitundu cha kurudishia mafuta ndani ya master silinda, breki zikashika zenyewe na dramu zikaungua. Gari lililowahi kutiwa oili halitengenezwi kwa kumwaga na kujaza upya. Mipira yote ibadilishwe, kuanzia master silinda hadi gurudumu la mwisho, na mabomba yasafishwe kwa spiriti. Maji ya sabuni nayo hutia kutu silinda, na mpira mpya ukiwekwa juu ya kutu hiyo unachanika ndani ya muda mfupi.

Wakati wa kutoa upepo, anza gurudumu lililo mbali zaidi na master silinda. Kwa gari la usukani wa kulia ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, kisha mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Wanaoanza na gurudumu lililo karibu hurudia kazi mara tatu.

Hendibreki ya Land Rover za Series inafanya kazi kwenye shafti ya nyuma, pale inapotokea kwenye gia boksi ndogo, wala haigusi magurudumu moja kwa moja. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaruhusu lile lililo hewani kuzunguka na gari linaweza kuondoka juu ya jeki ijapokuwa hendibreki imevutwa. Kila Land Rover ije na vipande viwili vya gogo vya kuzuia magurudumu. Hendibreki hiyo isivutwe gari likiwa kwenye mwendo, kwani inaweza kukata ekseli ya ndani.

Baada ya breki, jambo linaloyaaibisha magari haya mbele za watu ni kuchemsha. Ziwa letu liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yaliyo wazi yanachemka karibu nyuzi 97. Mfuniko wa rejeta wenye shinikizo la 9 psi (paundi kwa inchi ya mraba) unapandisha kiwango hicho hadi kupita 110, lakini pale tu mpira wake unapokuwa mzima. Mwenye gari anasafisha rejeta, anabadilisha pampu ya maji, anasahau mfuniko. Gari likishapoa, tazama hozi ya juu: ukiikuta imenywea kama chupa ya plastiki iliyofyonzwa, vali ndogo ya mfuniko imekwama na maji yaliyotoka hayarudi.

Tungependa pia mjadala wa thamostati (vali inayofunguka kwa joto kupitisha maji kwenda kwenye rejeta) uishe. Mafundi wengi huitoa na kuitupa, wakiamini injini itapoa zaidi. Kwenye injini zenye njia ya pembeni ya maji, ikiwemo ile ya Land Rover ya lita 2.25, kuitoa thamostati kunaacha njia hiyo wazi muda wote. Sehemu ya maji huzunguka kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na kwenye mlima gari linachemsha zaidi ya lilivyokuwa. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi nayo inakula petroli, na oili yake inachafuka upesi. Kuipima ni rahisi: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, washa jiko. Iliyoandikwa 82 ianze kufunguka hapo hapo au karibu yake. Ikipitiliza hadi maji yanachemka haijafunguka, itupe na uweke nzima.

Maji ya kujazia yawe ya mvua. Ya Ziwa Tanganyika yana madini na tabia ya magadi, yanaacha ukoko mweupe ndani ya mirija ya rejeta. Kinga maji ya paa baada ya mvua za mwanzo kulisafisha bati, yachuje kwa kitambaa, yaweke kwenye madumu.

Wenye Peugeot 404 na 504 tunawapa onyo la peke yake. Laina (mikebe ya chuma ambamo pistoni hutembea) za injini hizo zimezungukwa na maji na zimekaa juu ya sili zake kwa chini. Fundi akifungua silinda hedi kisha akazungusha krenki kabla ya kuzibana laina, pistoni inazinyanyua, sili za chini zinaachia, na maji yanaingia kwenye oili. Mwenye gari anaona oili imekuwa kama uji wa maziwa na anadhani gasketi ya hedi ni mbovu. Anabadilisha gasketi, tatizo linarudi. Zibane kwa vipande vya chuma na bolti za hedi mara tu hedi inapotoka. Hii ni gari inayostahili uangalifu huo. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland na Chris Rothwell waliotokea hapa Tanzania.

Volkswagen Beetle haina maji, kwa hiyo mkanda wa feni ndio roho yake. Ukikatika, taa nyekundu ya chaji inawaka. Zima injini papo hapo, usijaribu kufika hata nyumba ya pili. Hatari kubwa zaidi ya Beetle ni moto. Hozi ya petroli inapita juu ya injini yenye joto, mpira unazeeka na kupasukapasuka, na petroli inadondokea kwenye distribyuta. Ikunje hozi kwa vidole: ukiona nyufa ndogondogo kama za udongo uliokauka, hilo gari lisiwashwe mpaka hozi ibadilishwe. Ni kipande cha chini ya mita moja, na tunakitaja kwa msisitizo kwa sababu Beetle nyingi zimeteketea kwa ajili yake.

Kwenye mfumo wa umeme wa plagi, fungua kifuniko cha distribyuta uangalie pointi (vile vibamba viwili vinavyokata na kuunganisha umeme) kwa kioo cha kukuzia. Pointi nzima zina uso wa kijivu ulio sawa. Ukiona upande mmoja kuna kishimo na upande wa pili kimeota kichuguu, usikimbilie kupiga msasa: chuma kinahama kutoka uso mmoja kwenda mwingine kwa sababu kondensa (kikopo kidogo cha umeme kando ya pointi) haifai, na pointi mpya zitaharibika vivyo hivyo. Badilisha vyote pamoja. Nafasi ya pointi kwa Land Rover ya lita 2.25 ni milimita 0.35 hadi 0.40, kwa Beetle ni 0.40, nazo zipimwe kwa fila geji (vibamba vya kupimia nafasi) safi. Weka chembe ya grisi kama kichwa cha kiberiti pale kisigino cha pointi kinapogusa kemu. Ikikosekana, kisigino kinaliwa, nafasi inajifunga, injini inaanza kumisi.

Jambo la vali linahitaji karatasi ya ukaguzi kuliko mengine yote. Petroli yenye risasi ilikoma kuuzwa katika nchi zetu za kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Ile risasi ilikuwa inaacha utando uliolinda viti vya vali katika injini za zamani ambazo viti vyake ni vya chuma laini. Bila utando huo vali huweza kujizamisha kidogo kidogo kwenye kiti, na nafasi ya tapeti (mwanya juu ya shina la vali) inapungua. Hili haligunduliki kwa kipimo cha siku moja. Land Rover ya lita 2.25 inataka milimita 0.25 kwenye vali zote. Pima kabla ya kurekebisha, andika ulichokikuta kwa kila vali, kisha rekebisha. Mwaka unaofuata pima tena ulinganishe. Ikiwa vali ile ile ya egzosi inajifunga mwaka hadi mwaka huku nyingine zimetulia, hapo ndipo hedi ipelekwe kuwekewa viti vigumu. Kwa gari linaloendeshwa polepole mara chache kwa mwezi, huenda siku hiyo isifike kabisa, na fedha za kazi hiyo zikanunue matairi.

Matairi yenyewe yasihukumiwe kwa kashata, yaani meno yake. Tairi la gari lisilotembea linabaki na kashata nzuri huku ubavu unaoza. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 2312 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2012. Lililopita miaka 10 lisiingie kwenye msafara, hata kama linang'aa.

Msafara kutoka Stesheni hadi Ujiji ni kilomita kama 8, na unaweza kuyaua magari kwa mwendo wa kinyonga nyuma ya bendi ya matarumbeta. Gari likienda kwa kasi ya mtembea kwa miguu, feni inayozungushwa na injini haivuti hewa ya kutosha, klachi inaungua, na dinamo haichaji. Dinamo, kichaji cha magari ya zamani, si olteneta ya magari ya leo. Injini ikizunguka polepole dinamo haitoi kitu, na ukiwasha taa kubwa kwa ajili ya picha betri inakwisha kabla ya kufika. Bendi itangulie ikasubiri Ujiji. Magari yaende makundi ya matano matano, kilomita 30 kwa saa, yakiachana mita 30, taa zimezimwa mchana. Yenye rejeta dhaifu yapande mlima kwanza, asubuhi, kabla jua halijakolea. Kwa wanaopata petroli kuchemka ndani ya pampu, injini ikazima na kugoma kuwaka, kitambaa kilicholowa maji kikizungushiwa pampu ya mafuta kinaponya ndani ya dakika chache.

Kuna ajali moja ya maegesho ambayo wengi hawaifikirii. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 yana betri iliyofungwa chanya kwenye bodi. Ukitaka kuliwasha kwa waya kutoka gari la kawaida, unganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kwenye betri zenyewe, na uhakikishe bampa hazigusani, kwa sababu bodi moja ni chanya na nyingine ni hasi; zikigusana umeshafunga shoti. Magari hayo yafungwe kitambaa chekundu kwenye bampa tangu Jumamosi. Beetle za miaka ya mwanzo za volti 6 nazo ziandikwe hivyo kwenye karatasi, asije mtu akaziunganishia betri ya volti 12.

Pale kwenye makumbusho ya Ujiji, ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, kila gari liwekewe sinia au boksi lililokunjuliwa chini ya injini. Injini za zamani zinadondosha oili, na uwanja ule si gereji.

Wapo watakaosema magari yao hayawezi kukaguliwa kwa sababu yamelala tangu mvua zilipoanza. Mvua zetu ni ndefu, kuanzia Oktoba hadi kuingia Mei, na kulaza gari ni kazi yenye utaratibu wake. Kigoma tuna ushahidi unaoelea. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Goetzen, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito kabla ya kuiachia ishuke. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kama grisi iliitunza mitambo ndani ya ziwa kwa miaka, hakuna sababu ya Land Rover kuozea bandani kwa miezi minane.

Badilisha oili kabla ya kulilaza gari. Oili iliyotumika ina asidi inayokula bearingi wakati injini imelala. Jaza tangi la petroli pomoni, maana nafasi tupu ndimo unyevu unamojikusanya na kuleta kutu. Fungua plagi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye kila silinda, zungusha injini mara kadhaa kwa mkono, rudisha plagi. Paka grisi kila chuma kilicho wazi. Kanyaga klachi uizuie kwa kipande cha mbao kati ya pedeli na kiti, la sivyo kwa unyevu wa ziwani sahani ya klachi inagandia kwenye flaiwili na siku ya kuondoka gia haziingii. Toa betri. Nyanyua ekseli juu ya vigogo matairi yapumzike. Chesisi ya Land Rover inaoza kuanzia ndani, ambako tope jekundu hujaa na kukaa na unyevu. Pampu maji kwenye matundu yake mpaka yatoke safi, acha ikauke siku kadhaa za jua, kisha nyunyiza oili ya zamani humo ndani. Bodi ya aluminiamu itaendelea kung'aa huku chesisi imebaki karatasi, kwa hiyo mkaguzi aigonge kwa nyundo ndogo na asikilize. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kopo lenye mchanga.

Sasa Jumapili. Katibu asome karatasi kabla ya hotuba. Kwa magari ishirini ya mchanganyiko tulio nao, sanduku la vipuri la chama lianze na kondensa 6 na seti 6 za pointi kwa aina tofauti, mikanda miwili ya feni kwa kila ukubwa, mita 5 za hozi ya petroli ya milimita 5 na mita 5 za milimita 8 pamoja na klipu 20, plagi dazeni mbili, makopo 10 ya nusu lita ya mafuta ya breki, na mitungi miwili ya kuzimia moto ya unga. Mipira ya breki inunuliwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi, maana inchi moja na inchi moja na robo hazikopeshani. Anayechukua kipuri asaini na kulipa bei ya kununulia, ili sanduku lijae tena. Mweka hazina alete risiti, mkutano usikubali taarifa ya mdomo. Chama kilichosajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, kina wajibu wa taarifa zake, na akidi iheshimiwe kama katiba inavyosema. Mkuu wa Polisi wa Wilaya apelekewe taarifa ya maandishi ya msafara saa 48 kabla, na mkaguzi wa magari wa polisi aalikwe Jumamosi, asije kukutana na magari haya barabarani bila kuyajua.

Kuhusu nani aingie: shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, linahesabu gari lenye miaka 30 au zaidi lililotunzwa katika hali yake ya asili. Tuufuate umri huo. Land Rover iliyowekewa injini ya Toyota ije, ikaribishwe, ipangwe safu yake. Iliokolewa kwa njia iliyopatikana. Lakini kombe la gari lililohifadhiwa vizuri litolewe kwa kusoma karatasi, si kwa kutazama rangi.

Lililo zito kuliko yote ni kadi ya gari. Gari la marehemu mzee likikaa bila kadi kubadilishwa jina, halikati bima, halitembei, na siku moja mnunuzi wa vyuma chakavu anapita na mzani. Malori ya Bedford na Land Rover nyingi za mikoa yetu zimekwenda hivyo, zikakatwa kwa gesi vipande vipande na kuuzwa kwa kilo. Familia inayobaki na gari inahitaji barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani ndipo umiliki uhamishwe. Mkutano uteue watu wawili wa kuzisaidia familia kufuatilia jambo hilo, na majina yao yawekwe wazi siku hiyo hiyo. Gari lisilo na karatasi yoyote lianze na namba: safisha mahali ilipogongwa (kwa Land Rover nyingi za Series tafuta mbele kulia, kwenye mkono wa springi), weka karatasi nyembamba juu yake, sugua kwa penseli laini mpaka tarakimu zijitokeze. Nakala hiyo ibandikwe kwenye karatasi ya ukaguzi.

Wenye magari wafike Jumamosi saa 1 asubuhi, injini ikiwa ya baridi, maana tapeti na maji ya rejeta havipimwi kwenye injini ya moto. Waje na kadi, spana zao, vipande viwili vya gogo, dumu la maji ya mvua la lita 10, na penseli.

Wenu,
Mafundi na wenye magari ya zamani,
Mwanga, Kigoma